Vidonge vya Pande Mbili za Barabara

Siku Kezia alipoolewa, mchungaji alitangaza mbele ya kanisa zima kwamba bibi harusi ana umri wa miaka ishirini. Kezia alinyanyua shela yake, akasema kwa sauti iliyowafikia hata waliokaa nje kwenye majani, "Ishirini na miwili, Mchungaji." Kwaya ikasita. Emile, bwana harusi, fundi seremala wa Heru Juu mwenye maneno machache, aliinamisha kichwa ili watu wasimwone akicheka, na tangu dakika ile akajua ameoa mtu wa namna gani.

Kezia hakuwa mkorofi. Waliomfahamu tangu utoto huko Kibondo, alikofika akiwa mgongoni mwa mama yake mwaka ule wa sabini na mbili familia nyingi zilipovuka mpaka kutoka Burundi, walisema tu kwamba uongo ulimwasha kama upupu. Alimaliza kidato cha nne, akasomea uuguzi, na mwaka 1994 akapangiwa zahanati moja ndogo kando ya barabara itokayo Kasulu kwenda Kibondo. Siku ya kwanza alikuta nyuma ya kabati chupa ya maji yaliyotiwa sukari na rangi nyekundu, ambayo mganga aliyekuwapo kabla yake aliwapimia wazee wenye malalamiko yasiyokwisha. Kezia aliitoa nje, akaimwaga kwenye shina la mgomba mbele ya wagonjwa wote.

"Kuanzia leo," alisema, "mtu akipewa dawa hapa, amepewa dawa. Asipopewa, ataelezwa kwa nini hakupewa. Mgonjwa si mtoto wa kutulizwa kwa pipi."

Wagonjwa walimsikiliza kwa adabu. Bibi mmoja tu ndiye aliyenong'ona kwa masikitiko, akiutazama mgomba, "Na mimi ilikuwa inanifaa."

Zahanati yenyewe ilikuwa na vyumba viwili na dirisha. Dirisha ndilo lililofanya kazi kuliko vyumba: tundu lenye upana wa daftari, lenye kifuniko cha mbao, lililotobolewa ukutani usawa wa kifua. Mgonjwa aliinama, akasukuma cheti chake ndani, akangoja. Mkono ulitoka na vidonge vilivyofungwa katika kipande cha karatasi ya daftari kuukuu, kimeandikwa moja mara tatu, na sauti ikasema, "Anayefuata." Kezia alilikuta dirisha hilo, akalitumia bila kulitilia shaka. Alikuwa peke yake, kwa kuwa mganga alihamishwa na nafasi yake haikujazwa, na watu walikuwa wengi. Yeye aliyebishana na wilaya miezi mitano juu ya mizani ya watoto iliyopunja robo kilo, hakuona ubaya wowote katika kumhudumia binadamu mwenzake bila kumwona uso.

Mwishoni mwa mwaka 1996 Wakongo waliokimbia vita walifikishwa Nyarugusu, na ng'ambo ya barabara, mwendo wa saa moja kwa miguu, ikainuka zahanati ya kambi. Kufikia katikati ya mwaka uliofuata, foleni dirishani kwa Kezia ilikuwa imepungua kiasi kwamba alipata nafasi ya kufuma. Na wale wachache waliokuja hawakuwa watu wa kijiji. Walikuwa Wakongo.

"Kambini hakuna dawa?" alimuuliza mzee mmoja wa Fizi aliyekuwa ameinama mbele ya tundu.

"Dawa iko, mama. Lakini ile ni dawa ya musaada. Miye nataka ya serikali. Ile ya benye inchi."

Kezia alimpa, akafunga kifuniko, akakaa akijiuliza watu wake wamekwenda wapi.

Jawabu alilipata siku ya gulio. Kati ya wauza mihogo na wauza maharage alimwona Mzee Ndayisaba, mrina asali, mtu mwembamba wa miaka sitini na ushei ambaye mgongo wake ulimuuma kila alipoutaja na alikuwa akiutaja mara nyingi. Alikuwa akimkabidhi mama mmoja wa Kikongo kikaratasi cha daftari. Mama naye alimpa kimfuko cha plastiki kilichochorwa jua na mwezi, alama za kuonyesha dawa imezwe asubuhi na jioni.

"Mzee Ndayisaba, unafanya nini hapa?"

Mzee alipiga makofi taratibu katika kuamkia, kama desturi ya Waha inavyotaka, bila aibu hata chembe. "Mwakeye, nesi. Mwakeye sana. Nafanya biashara."

"Kikaratasi hicho nilikupa mimi juzi. Huo ni mwandiko wangu."

"Mwandiko ni wako, mwanangu, sikatai, tena mzuri. Ila dawa yako ni laini. Hii ya jua na mwezi ukiimeza leo, kesho unapanda mti."

Mama wa Kikongo alicheka, akakificha kikaratasi kifuani. "Hii ya kambi ni kama unga tu. Ya serikali ndiyo inafika mpaka kwa mifupa."

"Mnabadilishana kimoja kwa kimoja?" Kezia aliuliza.

"Kati ya marafiki, sita kwa sita," alisema Ndayisaba. "Mgeni anatoa vinane."

Alasiri ile Kezia alipakia kopo lake la vidonge vya maumivu kwenye kapu la baiskeli, akaenda kambini. Muuguzi wa huko alikuwa Reine, mwanamke mnene wa Kivu, mwenye kicheko kilichoanza tumboni na kuchukua muda kufika mdomoni. Waliyaweka makopo mawili mezani. Lebo ni ile ile, kiwanda ni kile kile, vidonge elfu moja huku na elfu moja kule, na hata nambari ya toleo ilikuwa moja. Reine alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kezia hakucheka.

"Watu wanadanganywa," alisema.

"Na nani?"

Kezia alimtafuta mkosaji akilini mwake, akamkosa. "Na kimfuko," alisema mwishowe.

"Basi peleka kimufuko polisi." Reine alijifuta machozi. "Dada Kezia, bagonjwa banakuja kwangu, banapona. Benye kutoka kwangu banakuja kwako, banapona. Wewe unataka nini zaidi?"

"Nataka wapone kwa kweli, si kwa dhana."

"Dhana ni nani? Alisoma wapi?"

Lakini Kezia alikwisha kuamua kuwaonyesha watu makopo hayo. Emile naye, jioni hiyo, alijaribu kumzuia kwa njia yake. Alilinyamazisha randa lake, akamtazama mkewe akipiga pasi sare nyeupe, akasema, "Ukiwaonyesha, halafu?"

"Halafu watajua."

"Wakishajua?"

"Emile, kujua hakuhitaji sababu nyingine."

Emile akaendelea kupiga randa.

Gulio lililofuata, Kezia alisimamisha meza katikati ya watu, akaweka sinia mbili za bati, mbele yake kukiwa na makopo mawili na umati uliokuwa ukiongezeka. Reine alikuja pia, akasimama nyuma kama mtu anayehudhuria mazishi ya jirani asiyempenda sana. Kezia alieleza jambo lake kwa ufasaha uliowafanya hata wauza samaki waache kuita wateja, kisha akamwomba mtu yeyote anayejua kuzitofautisha dawa hizo ajitokeze.

Ndayisaba alikuwa amekwisha kujitokeza. "Ulimi huu," alitangaza, "unatambua asali ya Kibondo na asali ya Kitanga nikiwa nimefumba macho. Utashindwa na kidonge?"

Alifungwa kitambaa usoni. Kezia alimpa kipande cha kwanza kutoka kopo la kijiji. Mzee alikilamba, akakizungusha kinywani kama mtu anayeonja mavuno, akainua kidole. "Hii ni ya kambi. Sikiliza ilivyo kali. Hii inatembea." Akapewa cha pili, cha kambini. Alikunja uso. "Hii ni ya nesi wetu. Samahani, mwanangu. Hii imelala."

Gulio lote lililipuka kwa kicheko. Wanawake walishikana mabega; mtu mmoja aliangusha kapu la ndizi na hakuliokota. Ndayisaba aliondoa kitambaa, akaoneshwa makopo, akatazama huku na huku. Alicheka kidogo pamoja nao, kwa sababu alikuwa mtu wa watu, kisha akaacha. Alipoondoka, Kezia aliona ameweka kiganja kiunoni.

Kwa siku tatu Kezia alitembea kama mtu aliyelipa deni la taifa. Siku ya nne alifungua kifuniko cha dirisha, na nje hapakuwa na mtu. Hapakuwa na mwanakijiji wala Mkongo. Wiki ilipokwisha Reine alifika akisukuma baiskeli iliyopata pancha, akiwa amelowa jasho.

"Dada, umeniharibia. Sasa banasema hivi: kama dawa ya kambi ni sawasawa na ya kijiji, na ya kijiji ni laini, basi ya kambi pia ni laini. Na bale bengine banasema hivyo hivyo kwa upande wao. Tumebaki na makopo mawili ya unga."

Kezia aliyapima maneno hayo. Hoja ilikuwa ya kipumbavu, na ilikuwa imepangwa vizuri kuliko ya kwake.

"Lakini wale wa malaria," alisema, "wale lazima waje."

"Bale banakuja, kwa sababu miye nabafuata nyumbani. Wewe ufuate bako. Lakini benye migongo, benye vichwa, benye kukosa usingizi? Bamerudi nyumbani na maumivu yao yote."

Mwenye mgongo wa kwanza aliyemjia Kezia akilini alikuwa Ndayisaba. Alikwenda kwake kesho yake asubuhi. Alimkuta amelala juu ya mkeka uani, na pembeni mwake mizinga tisa mipya ya magome, iliyochongwa na kufungwa kwa ustadi, imepangwa chini. Mvua za kwanza zilikuwa zinakaribia. Makundi ya nyuki yangeanza kuhama na kutafuta makao, na mzinga ulio ardhini haumkaribishi nyuki yeyote ila mchwa.

Alimkagua kwa makini. Hakuwa na homa. Miguu ilikuwa na nguvu na hisia zake zote. Uti wa mgongo haukuwa na uvimbe wala mahali palipouma kwa namna ya kutisha. Ulikuwa mgongo wa mtu aliyepanda miti miaka arobaini, si zaidi.

"Mwezi jana ulikuwa unapanda," alimwambia.

"Mwezi jana nilikuwa na dawa." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Kezia. "Ulinionyesha, nikaona. Sasa siwezi kuacha kuona. Nikimeza, najiambia: mzee, hiyo imelala. Na mgongo unasikia."

"Mzee, mimi sikutaka..."

"Najua hukutaka. Wewe ni mtoto mwema mwenye mdomo kama shoka." Alijigeuza kwa shida. "Nikuombe jambo. Katafute kidonge cha rangi. Chekundu, hata cha njano. Usinionyeshe kopo. Niambie tu kimetoka mbali. Nitakuamini, kwa sababu wewe husemi uongo, kila mtu anajua."

Kezia alirudi nyumbani na sentensi hiyo kichwani. Kabatini mwake kulikuwa na vidonge vyekundu vya vitamini, na visingemdhuru mtu. Emile, aliposimuliwa, alisema polepole, "Mpe, Kezia. Mara moja. Mizinga ipande."

"Na kesho atakaponiuliza kama mtoto wa jirani ana homa ya uti wa mgongo, aniamini kwa lipi? Ananiamini kwa sababu sisemi uongo, nami niitumie imani hiyo kumdanganya? Huo ni wizi, Emile. Ni kumwibia mtu kwa kutumia ufunguo alionipa mwenyewe."

"Basi utafanyaje?"

Kezia alikuwa amemnyang'anya mzee mti wake kwa kusema kweli, na hakuwa tayari kumrudishia kwa uongo. Kama hapakuwa na njia ya tatu, mizinga ile ingekaa uani mpaka mwaka mwingine, na mtu aliyezoea kuitazama dunia kutoka juu angebaki akiitazama kutoka mkekani.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Reine bila kujua anakwenda kumwambia nini. Jua lilikuwa kali, hakuwa amekula, na alipofika kichwa kilikuwa kinampasuka.

"Keti," alisema Reine, akimtazama mara moja tu. "Leo wewe ni mugonjwa wangu."

"Nipe kidonge tu, nina haraka."

"Hapa hatutoi kidonge tu."

Akamketisha kwenye benchi. Akamuuliza kichwa kimeanza lini, kinauma upande gani, amelala saa ngapi, ameweka nini tumboni. Akamuuliza habari za mume na za mama yake aliye Kibondo, na alingoja majibu. Aliweka kiganja kikubwa, cha baridi, nyuma ya shingo yake. Kisha akachukua kidonge kutoka kopo lile lile ambalo Kezia alilitangaza mbele ya gulio zima, akamimina maji safi katika kikombe, akasimama akimtazama anavyomeza. "Kaa pale kwa kivuli," alisema. "Nitakuja kukuuliza."

Kezia alikaa. Aliitazama saa iliyobanwa kwenye sare yake. Zilipita dakika saba, na kichwa kikawa chepesi. Hakikupona, kilikuwa chepesi, kama mzigo ambao mwingine ameushika upande wa pili.

Alirudi kwa Reine akiwa amekasirika. "Kidonge hakijafika popote. Kinahitaji nusu saa."

"Basi kiambie kimechelewa."

"Reine, nakuuliza kwa dhati. Nani amenidanganya? Kopo nalijua. Dawa naijua. Dakika nimezihesabu."

"Miye sikusema kitu."

"Hilo ndilo linalonisumbua. Hakuna aliyesema uongo." Akalitazama benchi, kikombe, kile kiganja. "Na nimepata nafuu."

Reine alicheka kile kicheko chake cha polepole. Alieleza kwamba kwao, Kivu, mlezi wake katika uuguzi alikuwa bibi mmoja mkali aliyewachapa wanafunzi vidoleni wakimpa mgonjwa dawa wakiwa wamesimama mlangoni. Dawa inaanza kazi mtu anapoulizwa jina lake, alikuwa akisema.

"Na Wakongo wanaokuja kwangu?" Kezia aliuliza. "Mimi siwaulizi hata majina."

"Bale? Mutu ametembea saa nzima kwa jua, ameinama mbele ya serikali ya watu, amepewa karatasi yenye mwandiko. Unafikiri atakubali kurudi kambi akiwa angali mugonjwa? Haya iko, aibu itamukamata."

Njiani kurudi, Kezia hakumfikiria Reine. Alilifikiria dirisha. Miaka mitatu alikuwa ameunyoosha mkono wake kupitia tundu lile, akidhani kwamba heshima ya mgonjwa ni kupewa dawa halisi na basi. Vyuo vilimfundisha kipimo cha kila kidonge. Ujenzi wa zahanati ulimfundisha kumtenga mtu na mkono unaomtibu, na somo hilo la pili alilishika bila kubishana. Malaria, alijua, haina habari na kuulizwa habari za nyumbani. Inataka klorokwini na si maneno. Lakini mwili wenye maumivu haukuwa mfuko wa kutumbukizia vidonge. Ulisikia unavyotendewa. Na yeye, mpenda kweli, alikuwa ameuficha ukweli huo nyuma ya kifuniko cha mbao.

"Emile," alisema kabla hajashuka kwenye baiskeli, "chukua vifaa."

"Kuna nini?"

"Ling'oe dirisha la dawa."

"Lote?"

"Fremu, kifuniko, bawaba. Bandua, kisha uzibe tundu kwa tofali. Na mbao zake unifanyie benchi lenye mgongo wa kuegemea."

Emile aliona ni afadhali asiulize, akaenda kutafuta nyundo. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alipiga mluzi akifanya kazi ya serikali bila barua.

Siku mbili baadaye Emile alimbeba Ndayisaba kwenye baiskeli, mzee akilalamika kila waliporuka shimo, mpaka mlangoni pa zahanati. Kezia alitoka nje kumpokea. Aliinama kidogo, akakutanisha viganja na kupiga makofi laini, akaanza salamu kama inavyostahili, si kwa kuikata. Mwakeye, mzee. Mwakeye na nyumba yako. Mbuzi wameamkaje? Mama watoto ameamkaje? Na mizinga? Mzee alijibu kwanza kwa kununa, kisha kwa mazoea, na walipofika kwenye habari za mbuzi alikuwa amekwisha kusahau kununa. Dirishani salamu hiyo haikuwahi kutolewa; mikono miwili haikuwa ikienea.

Alimketisha kwenye benchi jipya. Alimuuliza mgongo ulianza lini, akapata historia ya miaka arobaini na miti mitatu iliyomwangusha. Alimgusa pale palipouma, akaacha mkono hapo. Kisha akaleta kikombe na kidonge.

"Hiki ni kidonge gani?" mzee aliuliza kwa shaka.

"Parasetamoli. Ndiyo ile ile. Ya kambini na ya hapa, kopo moja."

"Kumbe umenileta huku kote kunipa ile iliyolala? Hata rangi hukutia?"

"Sikutia. Na sitakudanganya, mzee wangu, hata mgongo wako ukinichukia."

"Basi haitanisaidia. Ulisema mwenyewe."

"Sikusema hivyo. Nilisema zinafanana. Ni ninyi mliosema kwamba zikifanana basi zote ni laini."

Ndayisaba aliligeuza neno hilo kichwani. "Kwa hiyo zaweza kuwa zote zina nguvu?"

"Zina nguvu kiasi chake. Zinapunguza maumivu, hazinyooshi mgongo. Linalobaki ni la mwili wako. Ulipoondoka pale gulioni watu wakicheka, mgongo ulikaza kwa aibu na woga, na mimi ndiye niliyekutia aibu ile. Nakuomba radhi. Ukitulia, nao unatulia. Nimeyaona kwenye kichwa changu mwenyewe, tena nikiwa na saa kifuani."

"Unaniambia nusu ya kupona ni yangu?"

"Sijui kama ni nusu au robo. Ila ipo, na si uongo."

"Nesi wewe," alisema mzee, "hata ukibembeleza unabembeleza kwa mizani." Lakini alikuwa anatabasamu. Akameza, akanywa maji yote, akamrudishia kikombe kama mtu anayemaliza mazungumzo ya mahari. Kezia alimwagiza asikae mkekani mchana kutwa. Atembee mpaka kisimani asubuhi na jioni, kwanza bila mzigo. "Siku ya tatu nitakuja kukuuliza," alisema.

"Utakuja kweli?"

"Nimewahi kusema nitakuja nisije?"

Siku ya tatu alikwenda, akamkuta hayupo. Alikuwa kisimani, akiwaeleza wanawake jinsi nesi alivyomwomba radhi yeye mwenyewe, kwa makofi. Siku ya sita alikuwa ameanza kutembea na debe nusu. Alipoulizwa hali, alisema maumivu yapo, lakini yamekuwa na adabu. Habari za benchi zilienda nyumba kwa nyumba kwa ulimi wake, zikiongezwa chumvi ambayo Kezia aliitoa kila alipoikuta, na watu wakaanza kurudi: kwanza bibi mmoja mwenye kichwa, kisha wawili, kisha foleni iliyokaa badala ya kusimama. Biashara ya sita kwa sita ilikufa yenyewe barabarani, kwa sababu salamu haikuwezekana kufungwa kwenye kikaratasi. Kezia alichelewa kumaliza kazi kila siku, akaandika barua ya tatu wilayani kudai mganga, kali kuliko zote mbili zilizotangulia.

Asubuhi ya Jumamosi, mawingu yakiwa yameshaanza kujikusanya upande wa Burundi, walikwenda msituni wote: Ndayisaba mbele na kamba begani, Emile na mizinga miwili kwenye baiskeli, Kezia na chupa ya maji, na Reine, aliyeomba ruhusa ya kutoka kambini ili aone, kama alivyosema, kidonge kikipanda mti.

Mzee alilizunguka shina la mninga mara mbili, akaligonga kwa kiganja, akavua viatu.

"Mzee," alisema Kezia, "ukiona panakaza, unashuka. Hakuna anayekutazama kwa ubaya."

"Wote mnanitazama," alisema Ndayisaba. "Ndiyo maana napanda."

Akapanda. Mwanzoni alipanda kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine, kwa hadhari, akisimama kila hatua. Katikati ya shina alitulia. Kezia alijikuta amekutanisha viganja vyake. Kisha mguu wa mzee ukapata kifundo ulichokijua, mkono ukapata tawi, na akaenda juu kwa mwendo ule wa miaka arobaini, majani yakimfunika nusu, mpaka alipoketi kwenye panda ya mti, akashusha pumzi na kuitazama nchi yote ya milima iliyokuwa imemngoja.

"Mgongo?" Kezia aliita.

Ndayisaba alifikiri kwa uaminifu kabla ya kujibu. "Unauma kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha mzee aliye juu ya mti." Alitupa ncha ya kamba, ikashuka ikicheza mpaka miguuni mwa Emile. Reine alikuwa tayari amekaa chini kwa kicheko, na Kezia, ambaye hakuwa mwepesi wa mambo hayo, alikuwa anacheka pia, mdomo wazi, machozi yakimteleza kwenye sare. Mzinga wa kwanza ulipanda ukiyumba, ukapokelewa, ukafungwa.

"Nileteeni wa pili," mzee alisema kutoka juu. "Iko saba nyumbani, na mvua haisubiri mtu apone kabisa."